Zahanati ndogo Nkuhungu, dokta anasikiliza kweli
Kama uko Dodoma unaumwa afu bosi anakwambia si ufanyie kazi hukohuko nyumbani, pita kwanza hii zahanati. Dokta alipima malaria, akauliza kazi yangu ikoje, homa inapanda saa ngapi, usiku nalala au silali, mwisho akasema laptopu weka pembeni kabisa mpaka homa iishe, akaniandikia ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) na kunikumbusha sheria ya ajira ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Wengi hatujui hii jamani! Maabara asubuhi foleni ndefu na mabenchi yako juani, warekebishe aisee, mgonjwa anateseka. Mchana kunakuwa na nafuu.