Tangi la kioo la lita 200 kutoka kwa fundi wa hapa Mtwara: nimelijaribu wiki sita

Mimi ni fundi friji, naishi Ligula. Binti yangu alitaka matumbawe sebuleni tangu nilipompeleka Msimbati akachungulia chini ya maji kwa miwani ya kuzamia. Nikaagiza tangi kwa fundi vioo wa mjini: urefu sentimita 100, upana 50, kina 45.

Kazi ya fundi ni safi. Silikoni imenyooka na kingo zimesagwa, hazikati mkono. Alichelewa siku nne, lakini hadi leo sijaona hata tone la maji sakafuni. Mkiagiza, mwambieni mapema atengeneze meza ya mbao nzito, maana maji peke yake yana uzito unaozidi kilo 200. Meza yangu ya kwanza ilipinda.

Maji nilichota Shangani bahari ikiwa imejaa, madumu kumi ya lita 20, bajaji safari mbili. Kisha nikawasha pampu na taa, nikaanza kupima. Sikuweka kiumbe hata kimoja kwanza, na nashukuru.

Saa tisa alasiri kipimajoto kilisoma nyuzi 31. Matumbawe ya tangini yanataka 24 hadi 27. Yakipata joto hutema vijimwani vidogo vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe. Ndivyo yalivyopauka mengi ya pwani yetu mwaka 1998. Baharini, nyuzi moja tu juu ya joto la kawaida la kiangazi inatosha kuyadhuru ikikaa wiki kadhaa.

Nikafunga feni juu ya maji, joto likashuka nyuzi mbili. Hewa yetu ina unyevu mwingi, feni haiwezi zaidi ya hapo. Ila sasa maji yakawa yanapungua lita tatu kwa siku. Siku za mwanzo nilijazia maji ya bahari, nikakosea: maji hupaa, chumvi hubaki. Kutoka gramu 35 kwa lita ilipanda hadi 38. Unajazia maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na yasiyo na klorini.

Kipoza maji naweza kukiunda mwenyewe, kompresa ninazo. Kilichonivunja moyo ni umeme. Usiku mmoja ulikatika saa tano nzima. Nilikaa na tochi mbele ya kioo: maji yametulia tuli, utando mwembamba juu, na joto linapanda taratibu. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na pampu ikisimama hakuna kinachoyakoroga. Nikawaza ingekuwaje kungekuwa na viumbe hai humo ndani, na binti yangu amelala chumba cha pili.

Kwa hiyo tangi nalisifu, fundi namsifu, matumbawe siweki mpaka niwe na betri ya kuendesha pampu usiku kucha. Na atakayeweka, tafadhali asiende kuvunja mwamba wa Ghuba ya Mnazi. Ile ni hifadhi ya bahari tangu 2000, na tumbawe la ukubwa wa kichwa cha mtu limekua kwa miaka mingi.

Binti nilimweleza kila kitu mbele ya kipimajoto. Alinuna siku mbili. Sasa tangini mna maji baridi na perege sita, ndiye anayewalisha. Bamvua ijayo tunarudi Msimbati, miwani yake nimeshaikaza mkanda.