Fonti za Kisiriliki kwenye LaTeX: hazikutoa kosa, na hapo ndipo tatizo

Naandika nikiwa bado na hasira, maana ikipoa nitaanza kuitetea LaTeX, mfumo huu wa kupanga maandishi ninaoupenda.

Kazi ilikuwa kupanga kitabu cha nadharia ya uwezekano ambacho orodha yake ya marejeo ina majina ya Warusi kwa herufi zao wenyewe, Kisiriliki: Колмогоров, Ляпунов, Марков. Usakinishaji ulikuwa mwepesi. Unaongeza kifurushi cha lugha za Kisiriliki, unaweka T2A, mpangilio wa herufi za Kisiriliki, kwenye kifurushi cha fontenc, unaijulisha babel, kifurushi cha lugha, kwamba kuna Kirusi, basi. UTF-8, usimbaji wa herufi za lugha zote, nayo haisumbui, tangu 2018 ndiyo LaTeX inayoitarajia bila kuambiwa. Nikaendesha, hakuna kosa hata moja. Majina yakatokea kwenye PDF na nikafurahi kwelikweli.

Kisha nikakuza ukurasa. Herufi za Kilatini zilibaki safi, lakini zile za Kirusi zilikuwa na kingo za ngazi-ngazi, nzito na zenye ukungu. Nikatafuta Колмогоров ndani ya PDF, nikaambiwa halimo. Nikalinakili jina na kulibandika kwingine, zikatoka alama zisizosomeka. Jina liko mbele ya macho yangu na kompyuta inakana!

Nilihangaika siku kadhaa, na hakuna sehemu ya mfumo iliyonisaidia. Ukweli ulinifikia kupitia microtype, kifurushi cha kunyoosha nafasi za mistari ambacho hakihusiani na Kirusi hata kidogo. Nilipokiongeza, kazi ilikatika papo hapo kwa kosa lililosema kwamba upanuzi wa fonti unawezekana kwa fonti zinazoweza kukuzwa tu, na nilipofuatilia nikaikuta fonti yenyewe: larm1000.

Sasa sikilizeni. Kifurushi cha Kisiriliki kilikuwa kimeniletea fonti za LH, kazi nzuri ya Olga Lapko, ila zimeandikwa kwa Metafont, programu ya zamani ya kuchora fonti. Mchoro wa kila herufi kwa umbo la Type 1, ule unaobaki safi hata ukikuzwa namna gani, unakaa kwenye kifurushi kingine kabisa, cm-super cha Vladimir Volovich, nacho hakikusakinishwa. Mfumo ulipokikosa haukulalamika. Uliita mktexpk, programu ya kugeuza fonti za Metafont kuwa picha, ukatengeneza picha za vitone na kuzitia kwenye PDF kama fonti ya Type 3. Ndiyo, mstari wa kuonyesha mktexpk inaendeshwa ulipita kwenye skrini, katikati ya mamia ya mistari mingine, bila neno onyo. LaTeX ikikosa rejeo moja inakuonya. Mstari ukizidi ukingo kwa nukta moja inakuonya. Lakini kuharibu kila herufi ya lugha nzima, kimya! Na LaTeX imekuwa na T2A tangu toleo la Desemba 1998, kwa hiyo hakuna wa kuniambia jambo hili ni changa.

Nikaweka cm-super kwa mkono. Bado ukungu, kwa sababu faili zikiwepo tu hazitoshi: lazima mktexlsr ijenge upya orodha ya faili, kisha updmap-sys iandikishe ramani ya fonti. Mwongozo mmoja ulinielekeza kwenye updmap-user. Msiiguse. Inakutengenezea ramani ya kwako binafsi inayoifunika ile ya mfumo, na fonti zitakazoongezwa baadaye kwenye mfumo hutaziona hadi uiendeshe tena.

Baada ya hapo, nakiri, nilikaa nikitazama ukurasa. Ж imesimama sawasawa na miguu yake yote, ф ina tumbo la mviringo lisilo na kasoro, uzito wa wino unalingana na Kilatini cha Computer Modern, fonti ya kawaida ya LaTeX, kiasi kwamba jicho halijikwai kutoka jina moja hadi jingine. Hakuna programu nyingine iliyowahi kunipa kitu hicho. Kwa dakika chache nilikuwa tayari kufuta kila nililoandika hapo juu.

Sifuti. Najua mtaniambia nihamie XeLaTeX au LuaLaTeX, matoleo mapya ya LaTeX, nichukue fonti yoyote ya kisasa ya OpenType yenye Kisiriliki, niachane na nafasi 256 za herufi katika fonti za zamani. Kwa kazi zangu mwenyewe nitafanya hivyo. Kitabu hiki mchapishaji anataka pdfLaTeX, ile ya zamani niliyotumia, na hakubali Type 3. Kama ningeituma PDF ile ya kwanza ingerudishwa, baada ya mfumo kunihakikishia kwamba kila kitu ni sawa.

Kwa hiyo uzuri wa herufi naupa alama zote, usakinishaji siupi hata moja. Kabla hujatuma chochote chenye Kisiriliki, endesha pdffonts, programu ya kuorodhesha fonti, juu ya PDF yako na usome safu ya aina ya fonti. Ukiona Type 3, usitume, hata kama mfumo haukutoa kosa lolote.