Ngong Racecourse: nilitoka Njoro kuona farasi na nitarudi

Sisi watu wa Nakuru farasi tunamuona kwa shoo ya kilimo, ama yule wa kupiga naye picha wikendi, so ukiambia mtu unatoka Njoro karibu kilomita 180 mpaka Nairobi kuona farasi wakikimbia dakika mbili anaweza kukuuliza kama uko sawa. Mimi nilienda Jumapili iliyopita na watoto wawili wa dada yangu, na kama una watoto ama mzee anayependa wanyama, nenda.

Sababu yangu ni babu. Alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwa shamba la mzungu huku Njoro akiwa kijana, anaamka saa kumi usiku, anapiga farasi brashi, anachokoa udongo kwa kwato, anawatembeza kabla jua litoke, na hizo hadithi nimezisikia tangu niko mdogo. Na Njoro ni jina kubwa kwa hii mambo ya mbio jamani, vile tu hatuambiwi. Beryl Markham alikulia hapa hapa kwa shamba la farasi la babake, akajua Kiswahili akiwa mtoto, na akiwa na miaka kama 18 akapewa leseni ya kufundisha farasi wa mbio. Wengi wanamjua kwa ndege, 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza akaangukia Nova Scotia kule Kanada, lakini farasi ndio walikuwa maisha yake, baadaye alirudi Kenya akafundisha washindi wa Kenya Derby, ile mbio kubwa, na alipofariki 1986 alikuwa anaishi kwa kanyumba karibu na uwanja huo huo wa Ngong.

Klabu inayoendesha mbio hapo ni Jockey Club of Kenya. Ilianza mwanzo wa miaka ya 1900 ikiitwa East African Turf Club, na ilikuwa ya walowezi. Uwanja wa kwanza haukuwa Ngong Road, ulikuwa upande wa Kariokor, ndio unasikia barabara ya huko inaitwa Racecourse Road na hakuna farasi hata mmoja. Walihamia Ngong 1954, wakati wa Hali ya Hatari. Hata Eldoret kuna wadi inaitwa Racecourse, mbio ziliisha jina likabaki. Enzi hizo mtu mweusi kwa farasi mara nyingi alikuwa saisi tu, na leo nimeona vijana wetu ndio majoki, wale wanaopanda farasi wa mbio, wamevaa zile shati za rangi rangi, watu wanawaita kwa majina wakipita. Nilisimama nikawaangalia nikimkumbuka babu.

Sasa uwanja. Kuna jukwaa kubwa la ngazi lenye paa, nyasi mbele yake, mahali pa kula, madirisha ya kubeti, parking ya kutosha, halafu kuna gofu ndani ya uwanja na msitu wa Ngong Road uko jirani, kwa hivyo hewa ni safi na miti ni mirefu. Hayo utajionea. Mimi nataka niongee juu ya padoki, kwa sababu watu wengi wanakaa kwa jukwaa na chipsi wanakosa kitu ya maana.

Padoki ni kale kaduara farasi wanatembezwa kabla ya kila mbio. Unasimama kwa ua, farasi anapita hapo karibu sana, unaona mishipa imesimama kwa shingo kama kamba chini ya ngozi, unasikia vile anapumua. Kuna mmoja wa kahawia alikuwa anarusha kichwa, anatembea upande upande, na saisi wake hakumvuta wala kumpigia kelele, alimshika tu karibu na mdomo, akaweka bega lake kwa bega la farasi, wakatembea hivyo raundi mbili huku akimuongelesha pole pole mpaka masikio yakatulia. Mtoto mdogo wa dada akaniuliza, anko, anamwambia nini? Hiyo ndiyo kitu babu amekuwa akinieleza miaka yote na sikuwa nimeielewa.

Majoki wanapimwa uzito kabla na baada ya mbio. Farasi mwenye rekodi nzuri kwa mbio zingine anaongezewa uzito, wanaweka vipande vya risasi, ile madini nzito (lead), chini ya tandiko, ndio wale wengine nao wapate nafasi. Halafu tote, yaani kubeti kwa hayo madirisha, ni hivi, pesa za wote zinaingia chungu kimoja, inakatwa ya klabu na kodi, inayobaki wanagawana walioshinda, kwa hivyo farasi anayependwa na wote analipa kidogo. Sikubeti na watoto sikuwaacha karibu na hayo madirisha, nawe usiende na pesa ya karo.

Mbio kubwa ni Kenya Derby, mita 2,400, ya farasi wa miaka mitatu. Sisi tuliona za kawaida tu na wakipita mbele ya jukwaa ardhi inatetemeka, unaisikia kwa miguu kabla uwaone vizuri.

Kufika, ukiwa na gari kutoka Nakuru shika Southern Bypass pale Gitaru mpaka Ngong Road, usiingie tauni. Ukiwa na matatu, tauni uchukue 111 ushuke Racecourse. Mbio ni Jumapili lakini si kila Jumapili, ulizia ratiba kwanza. Na usingoje mbio ya mwisho kama unarudi Nakuru siku hiyo, sisi tulingoja na sacco moja ikatupandishia nauli karibu mara mbili juu ya giza, na nilikuwa na watoto, iliniuma sana.

Tulifika nyumbani usiku, babu hajalala. Nikampea karatasi ya programu nikamwambia nani alishinda mbio gani. Akauliza, na yule wa kahawia, saisi wake alikuwa amemshika upande gani? Nikamwambia kushoto. Akasema, sawa.