Uzoefu wangu na huduma ya marejeo ya masomo ya Kislavi ya Chuo Kikuu cha Illinois

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya watafiti wenzangu ambao, kama mimi, wamejikuta wakitafuta habari za Afrika Mashariki ndani ya majarida na magazeti ya Kirusi, kazi ambayo mtu akiianza bila mwongozo anaweza kumaliza mwaka mzima akidhani kwamba anachokitafuta hakipo. Huduma ninayoizungumzia inatolewa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, nchini Marekani, na imekuwapo tangu mwaka 1976. Wenyewe wanaiita Slavic Reference Service. Mtafiti anatuma swali kuhusu kitabu, makala, jarida au hifadhi ya nyaraka inayohusu Urusi, Ulaya ya Mashariki, Kaukazi au Asia ya Kati, na mkutubi aliyebobea katika maeneo hayo anamtafutia jibu. Haitozwi ada yoyote, na katika maswali matatu niliyokwisha kujibiwa hakuna aliyenidai zaidi ya maelezo kamili ya ninachokitaka.

Tasnifu yangu inahusu namna waandishi wa Kisovieti walivyoieleza Tanganyika kwa wasomaji wao katika miaka ya kuzunguka uhuru wa mwaka 1961. Kirusi nilijifunza ukubwani, katika madarasa ya jioni, nikisaidiwa na mjomba wangu ambaye alisoma uhandisi huko Kharkiv, Ukraine, na ambaye mpaka leo huhesabu fedha kwa Kirusi anapotaka tusimwelewe. Nasoma polepole lakini nasoma. Kwa hiyo shida yangu haikuwa lugha. Shida ilikuwa kuvifikia vitu vyenyewe vya kusoma.

Yote yalianza na tanbihi moja. Katika tasnifu ya zamani iliyoandikwa kwa Kiingereza nilikuta imetajwa makala kuhusu harakati za uhuru wa Tanganyika, ambayo mwandishi alisema ilichapishwa mwaka 1959 katika jarida la Aziia i Afrika segodnia, yaani Asia na Afrika Leo. Niliitafuta makala hiyo kwa wiki kadhaa. Nilipekua katalogi za maktaba kubwa zinazopatikana mtandaoni, nikajaribu jina la mwandishi, kichwa cha makala, namba ya toleo, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: hakuna. Hifadhidata moja ya kulipia, ambayo chuo chetu kilikuwa kimefunguliwa kwa majaribio ya mwezi mmoja, ilinirudishia ukurasa mtupu hata nilipoandika jina la jarida peke yake pamoja na mwaka ule. Nikaanza kuamini kwamba yule mwandishi wa tasnifu alijitungia.

Aliyeniokoa ni mkutubi wa siku nyingi wa maktaba yetu, mama mmoja mpole ambaye sote tunamwamkia shikamoo kabla ya kuomba kitabu. Aliniambia, "Mwanangu, mashine inajibu ulichoandika, haijibu ulichokusudia. Tafuta mkutubi wa fani hiyo." Akanifungulia ukurasa wa huduma ya Illinois na kunionyesha fomu ya maswali. Nikaijaza usiku uleule, saa nne, wakati kwao ilikuwa saa nane mchana, kwa kuwa majira ya kiangazi Dar es Salaam iko mbele ya Illinois kwa saa nane. Tofauti hiyo ina manufaa yake: mtu anatuma swali akienda kulala, na wenzake wanalishughulikia kungali mchana.

Jibu lilikuja baada ya siku chache, na sentensi yake ya kwanza ilinifanya nicheke peke yangu chumbani. Jarida la Aziia i Afrika segodnia halikuwa na jina hilo mwaka 1959. Lilianza mwaka 1957 likiitwa Sovremennyi Vostok, Mashariki ya Sasa, na jina lilibadilishwa mwaka 1961. Mwandishi wa tasnifu alilitaja kwa jina alilolizoea yeye, si kwa jina lililokuwa juu ya gamba siku ile, na maktaba nyingi huyaorodhesha majina hayo mawili katika kumbukumbu mbili tofauti. Mkutubi hakuishia hapo. Alikwenda kuihakikisha makala katika Letopis' zhurnal'nykh statei, faharasa ya makala za majarida ambayo ilianza kutolewa mwaka 1926, na humo akagundua kwamba hata namba ya toleo ilikuwa imekosewa kwa mwezi mmoja. Akanipa jina sahihi, toleo sahihi na kurasa, kisha akanieleza hatua kwa hatua alivyopita mpaka kufika hapo, ili mara nyingine nipite mwenyewe.

Maelezo hayo ya njia ndiyo yaliyonifaa kuliko jibu lenyewe. Faharasa za aina ile ni hazina ambayo sikuwahi kuisikia ikitajwa katika semina yoyote ya mbinu za utafiti. Dola ya Kisovieti ilikuwa na taasisi iliyokusanya nakala ya karibu kila kilichochapishwa nchini na kukiorodhesha: vitabu katika faharasa yake, ambayo mizizi yake inarudi mwaka 1907, makala za majarida katika nyingine, na makala za magazeti katika nyingine iliyoanza mwaka 1936. Mtu akiwa na subira anaweza kushika mwaka mmoja, tuseme 1962, akapekua sehemu ya nchi za kigeni na kuona yaliyoandikwa kuhusu Tanganyika, bila kutegemea bahati ya neno la kutafutia. Nimefanya hivyo kwa miaka miwili ya faharasa ya majarida, na orodha yangu ya vyanzo imeongezeka zaidi ya mara tatu.

Sasa nije kwenye suala la herufi, kwa sababu hapa ndipo mtafiti wa Kiswahili anapoumia zaidi na ndipo mkutubi wa fani hii anapoonyesha thamani yake. Katalogi za Marekani huandika Kirusi kwa herufi za Kilatini kwa kufuata jedwali la Library of Congress, yaani Maktaba ya Bunge la Marekani. Katika jedwali hilo, herufi ya Kisirili, yaani ya alfabeti ya Kirusi, inayotamkwa karibu na kh yetu huandikwa kh, herufi inayosomeka "ya" huandikwa ia, na alama ya kulainisha konsonanti huandikwa kama kistari kidogo kilichoinuliwa. Kwa hiyo Kenya inakuwa Keniia, Tanganyika inakuwa Tangan'ika, Kilimanjaro inakuwa Kilimandzharo, na Mwalimu Nyerere anageuka kuwa N'erere. Neno uhuru, ambalo magazeti ya Moscow yalilichukua jinsi lilivyo, linarudi kwetu likiwa ukhuru. Hata jina la lugha yetu limevaa nguo nyingine: kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyochapishwa Moscow mwaka 1961 imeorodheshwa katika katalogi za Marekani chini ya neno suakhili, na mtu anayeandika Swahili katika nafasi ya kichwa cha kitabu ataondoka mikono mitupu.

Tena hiyo ni Marekani tu. Mkutubi alinitahadharisha kwamba maktaba za Ujerumani kwa desturi yao huandika ch mahali ambapo Wamarekani huandika kh, hivyo neno lilelile linakuwa suachili, ilhali kiwango cha kimataifa cha ISO kinatumia h peke yake na kutupatia suahili. Maandishi matatu, kitabu kimoja. Nilipomweleza mjomba alisema kwamba hilo si geni, kwa kuwa hata cheti chake cha Kharkiv kina jina lake ambalo hakuna ofisi ya Tanzania iliyowahi kukubali kwamba ni la kwake. Ushauri niliopewa, na ambao sasa naufuata, ni kutafuta kwanza kwa herufi za Kisirili zenyewe pale katalogi inapoziruhusu, kisha kurudia kwa jedwali la Marekani, kwa sababu kumbukumbu nyingi za zamani ziliingizwa kwa herufi za Kilatini pekee.

Kuna na mtego wa majina ya nchi. Nilikuwa nimetafuta Tanzaniia katika machapisho ya mwaka 1962, kosa ambalo mtoto wa shule ya msingi angelicheka, maana Muungano ni wa Aprili 1964. Wakati mwingine mtu anaijua historia ya nchi yake vizuri lakini akikaa mbele ya kompyuta anaisahau.

Swali langu la pili lilihusu wanafunzi wa Kitanganyika waliokwenda kusoma katika Umoja wa Kisovieti. Nililiuliza kana kwamba wote walikuwa Moscow, katika kile chuo kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Jibu lilinisahihisha kwa adabu. Wanafunzi wa Kiafrika walipelekwa pia Kyiv, Kharkiv, Odesa, Leningrad, Tashkent na kwingineko, na Urusi si neno jingine la Umoja wa Kisovieti. Mkutubi alinikumbusha kwamba kwa mtafiti wa leo nyaraka za Ukraine zinaweza kufikika kwa urahisi kuliko zile za Moscow, kwa kuwa sheria ya mwaka 2015 ilizifungua hifadhi za vyombo vya usalama vya enzi ya Kisovieti nchini humo, japokuwa vita vimefanya safari yenyewe kuwa jambo la hatari. Alinitumia maelezo ya namna ya kusoma namba ya jalada: fondi, yaani mkusanyo wa taasisi moja; kisha opisi, orodha ya majalada ndani ya mkusanyo; kisha delo, jalada lenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa ninanakili namba hizo kutoka vitabu vya wengine bila kujua zinasema nini, kama mtu anayenakili aya asiyoielewa.

Kuna mambo ambayo anayetaka kuitumia huduma hii anapaswa kuyajua mapema, ili asije akalaumu pasipostahili. Wakutubi hawa hawatafsiri. Wakikupatia makala ya Kirusi watakupa makala ya Kirusi. Hawakuandikii mapitio ya maandiko, na swali pana kama "nataka kila kitu kuhusu Afrika" litarudishwa kwako kwa maswali mengine. Mkusanyo wa Illinois wa machapisho ya Kislavi ni miongoni mwa mikubwa zaidi nchini Marekani, lakini kuwapo kwa kitabu kwenye rafu za Urbana hakumaanishi kwamba kitakufikia Mbeya. Hifadhidata za kulipia, zenye hazina kama toleo zima la kidijitali la gazeti la Pravda kuanzia mwaka 1912, zinafunguka kwa wanajumuiya wa vyuo vilivyolipia. Hata vitabu vilivyowekwa kwenye maktaba za kidijitali za bure, baadhi vinafunguka kwa msomaji aliyeko Marekani na kumfungia aliye nje kwa sababu ya sheria za hakimiliki.

Njia iliyobaki ni mkopo baina ya maktaba, na hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu zaidi. Kosa halikuwa la Illinois. Ombi la namna hiyo linatakiwa lipelekwe na maktaba ya chuo cha mtafiti, na ofisi niliyotakiwa kupitia hapa nyumbani ilikuwa haijawahi kupeleka ombi kama hilo nje ya bara hili. Fomu yangu ilikaa mezani miezi miwili ikisubiri sahihi ya mtu aliyekuwa likizo. Mwishowe yule mama mkutubi aliibeba mwenyewe, akaipigia mhuri, na nakala ya skani ya makala ya Sovremennyi Vostok ikafika kwa barua pepe kabla ya wiki mbili kwisha. Ilikuwa na kurasa nne tu. Sijawahi kusoma kurasa nne kwa furaha kama ile.

Wapo watakaouliza kwa nini nisiende huko mwenyewe. Chuo hicho kina programu ya utafiti ya kiangazi iliyoanza mwaka 1973, ambapo watafiti huja Urbana kukaa na mikusanyo na wakutubi kwa siku kadhaa, na waliowahi kwenda huizungumzia kama watu waliotoka hija. Kwangu nauli na viza vimekuwa kikwazo. Hata hivyo ninapoangalia maktaba nyingine, naona bahati kwamba huduma ya mbali ipo: Maktaba ya Umma ya New York, ambayo ilikuwa na idara mashuhuri ya Kislavi na Kibaltiki, iliifunga idara hiyo mwaka 2008, na vitabu vikabaki bila chumba chao. Helsinki nako kuna mkusanyo wa ajabu, kwa kuwa kuanzia mwaka 1828 hadi 1917 maktaba ya chuo kikuu cha huko ilikuwa na haki ya kupokea nakala za machapisho ya Milki yote ya Urusi, lakini kwa mada yangu, ambayo ni ya miaka ya 1960, hazina hiyo inaishia mapema mno.

Kama ningetakiwa kutoa alama, ningetoa tisa juu ya kumi, na ile moja ninaibakiza kwa sababu fomu ya maswali na majibu yote ni kwa Kiingereza, jambo linalomrudisha nyuma mtafiti wa Bujumbura au Lubumbashi aliyesomea Kifaransa. Anayetaka kuanza aandike swali lake akitaja alichokwisha kukitafuta, mahali alipokitafutia, na tahajia alizotumia, na asione aibu kunakili tanbihi yenye makosa jinsi ilivyo, kwa sababu makosa yenyewe humwonyesha mkutubi mahali pa kuanzia.

Swali langu la nne nimelituma juzi. Linahusu Chuo Kikuu cha 17 Novemba cha Prague, kilichofunguliwa mwaka 1961 kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni na kufungwa mwaka 1974, na kama kuna gazeti la wanafunzi lililohifadhiwa mahali popote. Safari hii nimeandika jina la chuo kwa Kicheki, pamoja na vistari vyake vyote.