Oksimita ya kidoleni: tathmini ya mtumiaji mwenye ngozi nyeusi

Kipimo hiki nilikinunua Novemba 2020 katika duka la dawa hapa Columbus, Ohio, wakati korona imepamba moto na kila nyumba inatafuta namna ya kujua mgonjwa apelekwe hospitali lini. Ni kidude chepesi mfano wa kibanio cha nguo: unakibana kwenye kidole cha shahada, unatulia kama dakika moja, nacho kinaonyesha kiwango cha oksijeni katika damu, kwa asilimia, kwa tarakimu kubwa ambazo hata mama mkwe wangu huzisoma bila miwani. Betri zinadumu na springi haijalegea hadi leo.

Lalamiko langu liko kwenye tarakimu zenyewe. Januari 2021 mama mkwe aliugua, na kwa siku mbili kipimo kilisoma 95 ilhali yeye alishindwa kumaliza sentensi moja bila kutweta. Kwa kuwa kucha zake zilikuwa na hina, tulidhani rangi ndiyo inayokichanganya, tukakihamishia kwenye kidole cha mguu, bado 95. Muuguzi aliyepokea simu yetu aliuliza namba, akaridhika nayo, akatuambia tuendelee kumwangalia nyumbani. Tulipompeleka hospitali hata hivyo, damu iliyotolewa kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ilionyesha 87.

Kifaa hiki hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kidoleni, kisha hukadiria oksijeni kutokana na mwanga unaobaki. Melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, nayo hunyonya sehemu ya mwanga huo, na ukadiriaji wenyewe ulisanifiwa zaidi kwa watu wa ngozi nyeupe, hivyo kwa ngozi nyeusi namba inaweza kusomeka juu kuliko hali halisi. Hata vifaa vya hospitali, vya bei kubwa kuliko changu, vina kasoro hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha Desemba 2020 kwamba, pale kipimo kiliposoma kati ya 92 na 96, damu ilikuwa kwa kweli chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 vya weupe.

Sisemi kwamba oksimita ndiyo iliyowafanya Wamarekani weusi wafe kwa korona kwa viwango vikubwa kuliko weupe. Kazi zisizofanyika nyumbani na ukosefu wa bima vilichangia sana. Lakini baadhi ya dawa zilitolewa kwa mgonjwa aliyefika 94 au chini yake, na namba iliyo juu kuliko hali halisi ilimchelewesha kuzipata.

Kilichonikera zaidi ni kijikaratasi cha maelezo, kinachoonya kuhusu rangi ya kucha na vidole vya baridi bila kutaja ngozi hata mara moja. Mwongozo wa 2013 wa FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, uliridhika na majaribio ya watu 10 tu, wawili kati yao wakiwa na ngozi nyeusi. Januari 2025 ndipo ikapendekeza watu 150 au zaidi, wa rangi mbalimbali.

Nakipa nyota tatu kati ya tano, kwa sababu bado kinafaa kuonyesha mabadiliko. Kila mtu wa nyumbani tumempima akiwa mzima na namba yake imebandikwa kwenye mlango wa friji. Ya mama mkwe ni 98, na ikishuka hadi 95, au akianza kutweta hata kama haijashuka, tunawasha gari.