Wakili aliyeanza na stika: ofisi moja ya mawakili Kisumu, nyota nne kati ya tano

Mimi ni fundi wa nguo za kina mama, kibanda changu kiko soko la Kibuye. Naandika haya kwa sababu nilipokuwa natafuta wakili wa kesi ya titi la bandia, sikupata mtu hata mmoja wa huku kwetu aliyeandika yeye alifanya nini. Nilichokipata kwenye simu ni matangazo ya Marekani: umeumia, piga sasa hivi, fidia ya mamilioni ya dola. Nilipoteza miezi nikiyasoma usiku.

Jina la ofisi sitaliweka. Kesi yangu haijaisha na wakili mwenyewe ameniomba nisimtaje. Nitasema jinsi walivyonihudumia, mazuri na mabaya, ili ukikaa mbele ya wakili yeyote ujue cha kumdai.

Mwaka 2019 nilikatwa titi la kushoto kwa ajili ya saratani. Novemba 2020, bima ya kazini ya mume wangu ikiwa bado hai, nilitengenezewa jingine katika hospitali ya binafsi hapa mjini. Waliweka mfuko wa silikoni, na chini yake wavu wa kuushikilia, ule madaktari huita meshi. Habari ya wavu sikuambiwa. Katikati ya 2022 titi lilianza kujaa maji, likawa gumu, ngozi ya chini ikawa nyekundu na ya moto. Nikiinama kukata kitambaa nasikia kama pini inanidunga kwa ndani. Nilirudi mara nne, nikaandikiwa dawa mara nne. Februari 2023 daktari wa upasuaji wa Eldoret akaamua kutoa vitu vyote.

Kabla sijaingia chumba cha upasuaji nilimwomba anionyeshe atakachokitoa. Kesho yake alikuja na chupa ya maabara. Mfuko ulikuwa umepasuka ubavuni, gamba limekunjamana, na silikoni iliyotoka imeganda juu yake kama gundi ya mbao. Lakini macho yangu yalikwama kwenye wavu. Mimi neti nazishika kila siku, ndizo ninazoweka ndani ya magauni ya harusi ili sketi isimame. Ule ulikuwa neti hasa, tundu kwa tundu, ila ulikuwa umesinyaa na kujikunja, kama kitambaa ambacho fundi mvivu hakukiloweka kabla ya kukata, nguo ikaja kufuliwa mara ya kwanza na kuvutika. Ukingo mmoja ulikuwa umesimama wima kama waya. Nikamwambia, "Daktari, hiki ndicho kilikuwa kinanidunga." Akasema, "Ndicho, mama." Halafu akamgeukia muuguzi akamwambia chupa ile iandikwe jina langu na tarehe, ipelekwe maabara, na isitupwe bila yeye kuambiwa. Sikujua siku ile kwamba alikuwa ameniokolea kesi.

Wakili wa kwanza sitamsema sana. Alichukua shilingi 20,000, akaniambia kesi kama hizi ng'ambo zinalipa vizuri, akakalia faili yangu miezi mitano bila kuandika barua hata moja. Tena aliniahidi kwamba sitamlipa kitu kingine hadi tushinde, ndipo achukue asilimia thelathini. Ahadi hiyo ilinifurahisha kwa sababu sikuwa na pesa. Baadaye nikafahamishwa kwamba makubaliano ya wakili kulipwa tu kesi ikishinda hayana nguvu hapa kwetu, Sheria ya Mawakili imeyakataa katika kifungu cha 46. Ndugu zangu, mkiahidiwa hivyo mjue huyo mtu ama hajui sheria yake ama anawadanganya.

Agosti 2023 shemeji yangu anayechapa hati karibu na mahakama akanipeleka ofisi hii ninayoisifu. Iko barabara ya Oginga Odinga, ghorofa ya pili, ngazi ni nyembamba na lifti hakuna. Ukiwa na kidonda, panda pole pole. Kuonana na wakili mara ya kwanza ni shilingi 3,000, unalipa kwa M-Pesa na karani anakupa risiti hapo hapo.

Wakili ni mama wa makamo, mdogo kwangu kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kueleza uchungu wangu tangu mwanzo. Aliniacha niseme, hakunikatiza, lakini nilipomaliza aliuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Mama, ulipasuliwa tarehe gani hasa?" La pili: "Stika ziko wapi?"

Stika gani? Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo kila mwanamke aliyewekewa kitu mwilini anapaswa kulijua. Kila kifaa cha aina hii huja na vibandiko vyenye jina la mtengenezaji, namba ya aina yake, namba ya kundi kilichotengenezwa pamoja, na mfuko wa silikoni huwa na namba yake pekee. Kimoja hubandikwa kwenye faili ya upasuaji, na mgonjwa naye hupaswa kupewa kadi yake. Mimi sikupewa kadi. Bila namba hizo, alisema, kila mtu atakana: hospitali itasema muulize aliyeuza, aliyeuza atasema hicho si changu.

Faili nilikuwa nimeshaiomba hospitalini nikaambiwa ni mali yao. Yeye aliandika barua ya ukurasa mmoja, akataja kifungu cha 35 cha Katiba juu ya haki ya kupata habari, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kwamba habari za mwili wangu ni zangu na nina haki ya kuziona. Siku ya tisa nakala ya faili ikawa mezani kwake. Tulifungua pamoja. Ukurasa wa kumbukumbu za chumba cha upasuaji ulikuwa na stika mbili, moja ya mfuko na moja ya wavu, ile ya wavu imebandikwa upande na kona yake imechanika, lakini namba ya kundi ilisomeka. Kisha akafungua fomu niliyotia sahihi. Tuliisoma mstari kwa mstari. Neno wavu halimo. Akaniambia Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe matibabu, hatari zake na njia nyingine zilizopo, kabla ya kukubali. Nililia pale ofisini. Alinyamaza, akanisogezea tishu, akasubiri.

Sasa habari ya tarehe. Anayedai fidia ya kuumizwa kwa uzembe ana miaka mitatu. Ya mkataba ni sita. Mimi nilipasuliwa Novemba 2020 na tulikuwa Agosti 2023, hesabu mwenyewe. Sheria ya Ukomo wa Muda ina kifungu cha 27 kinachomruhusu aliyechelewa kujua jambo la msingi aombe kibali cha kushtaki nje ya muda, na mimi ubaya wa ule wavu niliujua 2023. Ila wakili alikataa kuutegemea mlango huo. "Mama, tusiombe huruma ambayo hatujaihitaji bado," aliniambia, na Oktoba hati ya madai ikawa mahakamani, ikidai kwa njia zote mbili, uzembe na mkataba, pamoja na haki za mtumiaji katika kifungu cha 46 cha Katiba na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Hii namba 46 isikuchanganye, ni sheria mbili tofauti. Na kama wewe ulipasuliwa hospitali ya serikali, usisubiri hata kidogo: kesi ya madhara dhidi ya serikali ina miezi kumi na miwili tu.

Nilimuuliza kuhusu Marekani, maana moyo wangu ulikuwa bado huko. Alinieleza kwa subira. Huko, kesi za wavu uliowekwa ukeni zilipita laki moja, na Aprili 2019 mamlaka yao ya dawa na vifaa, FDA, iliwaamuru watengenezaji waache kuuza wavu wa kuinua viungo vilivyoshuka kupitia ukeni. Kesi za matiti ya silikoni zina mlima mkubwa zaidi, kwa sababu Mahakama ya Juu yao iliamua mwaka 2008 kwamba kifaa kilichopita ukaguzi mkali kabisa wa FDA kinakingwa na madai mengi ya sheria za majimbo. Silikoni hupita ukaguzi huo. Nyavu nyingi zilipita njia fupi, ya kuonyesha tu kwamba zinafanana na kitu kilichokuwa sokoni tayari, kwa hiyo kinga hiyo hazina. Mimi nilipasuliwa Kisumu, na hospitali, daktari na mashahidi wangu wote wako hapa Kenya. Jaji wa huko angeweza kuniambia rudi kwenu. Pesa yangu ya nauli na ya ndoto ikaishia hapo, na namshukuru kwa kunieleza ukweli siku ya kwanza badala ya mwaka wa tatu.

Kilichonisaidia kutoka huko ni kingine. FDA ilikuwa haijaidhinisha wavu wowote mahsusi kwa upasuaji wa matiti, na Novemba 2023 iliwaandikia madaktari kuwakumbusha hivyo. Wakili aliichapa barua ile akaitia kwenye faili yangu.

Swali lililokuwa likininyima usingizi ni hili: ninamshtakije mtengenezaji ambaye sikununua kwake? Aliyenunua ni hospitali. Wakili akanihadithia habari ya mama mmoja aliyekuwa Paisley, Scotland, mwaka 1928. Rafiki yake alimnunulia soda ya tangawizi, chupa ikiwa nyeusi isiyoonyesha ndani, na alipomiminiwa iliyobaki, akasema, akatoka konokono aliyeoza. Soda hakuinunua yeye. Hata hivyo mwaka 1932 mahakama ya juu kule London ikaamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa yule atakayetumia kitu chake mwishoni, hasa kama hawezi kukikagua mwenyewe. Mahakama za Kenya zinaifuata hukumu hiyo hadi leo. Nimeisimulia kibandani mara nyingi, wateja wangu wote wanaijua.

Basi tuliwashtaki hospitali, daktari, na kampuni iliyoingiza vifaa nchini. Mtengenezaji yuko ng'ambo, na kumpelekea hati nje ya nchi kunahitaji kibali cha mahakama na pesa, kwa hiyo kwanza tumemkamata aliye karibu. Alinipa mfano wa PIP, kampuni ya Ufaransa, waliojaza matiti ya bandia kwa silikoni ya viwandani hadi wakafumaniwa Machi 2010. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa miaka minne mwaka 2013, lakini kampuni ilikuwa imefilisika, ndipo wanawake wakamfuata mkaguzi, TÜV Rheinland wa Ujerumani, aliyeipa PIP cheti cha ubora, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Paris ikasema alizembea.

Pembeni tuliandika malalamiko mawili: la daktari kwa Baraza la Madaktari, la kifaa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Hayo hayaleti fidia, lakini la kifaa nililisukuma mimi mwenyewe. Namba ile ya kundi iko kwenye mwili wa mwanamke mwingine mahali fulani, na sitaki adungwe mara nne akiandikiwa dawa.

Mabaya sasa, maana nimetoa nyota nne. Simu hawashiki. Wakili akiwa mahakamani Siaya au Kisii unaweza kukaa siku tatu bila jibu, na karani anakuambia "atakupigia" huku ukijua hatapiga. Nilisubiri kwenye benchi saa tatu nzima mara mbili, benchi la mbao, na mimi nina mshono. Hati zote ni za Kiingereza, ilibidi niombe nisomewe kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Walikubali, lakini lingekuwa jambo lao la kawaida kwa mtu wa sokoni.

Na si rahisi mfukoni. Nilikubaliwa kulipa shilingi 60,000 kwa vipande vya elfu tano tano, kila kipande kwa risiti. Ada ya mahakama iko mbali na hiyo. Ripoti ya daktari wa Eldoret ilikuwa 25,000, na hiyo hukwepi, kwa sababu hakimu hawezi kusema daktari alikosea bila daktari mwingine kumweleza alipokosea. Madaktari wengi hawapendi kuandika dhidi ya mwenzao. Huyu aliandika kurasa sita, akaambatanisha picha za ile chupa, na akaorodhesha kila mtu aliyeishika tangu ilipotoka mwilini mwangu hadi siku ile. Wakili wa upande wa pili alijaribu kusema huenda kilichomo si changu. Orodha ikamnyamazisha.

Mwaka jana tulipelekwa kwenye upatanishi wa mahakama, na hospitali ikakubali kulipa gharama za kunitoa vile vitu na kitu juu yake. Kiasi nimetia sahihi nisikiseme. Kampuni iliyoingiza vifaa imekataa, kwa hiyo bado tunaenda mahakamani, na kesi imeahirishwa mara mbili mwaka huu. Kila inapoahirishwa wakili hunitumia ujumbe jioni ile ile akieleza kwa nini, na hili nalisema kwa shukrani kwa sababu yule wa kwanza hata jina langu alikuwa analisahau.

Ukienda, nenda Jumatatu asubuhi kabla ya saa tatu, ndipo utamkuta. Beba kitambulisho, kila risiti ya dawa uliyonayo, na kama bado hujatolewa kifaa, mwambie daktari wako leo kwamba unakihitaji kwenye chupa, kikiwa na jina lako.