Uzoefu wangu na saa ya Kifaransa ya juu ya meko yenye kalenda na mwezi

Saa hii, ya karne ya 19, niliinunua miezi 14 iliyopita katika soko la vitu vikuukuu la Saint-Ouen, kaskazini mwa Paris, kwa euro 1,900. Kasha lake ni la jiwe jeusi la Ubelgiji lenye shada za shaba iliyochovywa dhahabu. Wageni husifu shada hizo, ingawa mapambo kama hayo hupatikana kwa bei ya chini sana katika saa nyingine za wakati ule. Kilichonifanya nitoe fedha ni uso wa pili, ulio chini ya ule wa saa, wenye akrabu za siku, tarehe na miezi, pamoja na dirisha dogo ambamo mwezi uliochorwa juu ya anga ya buluu huandama, hupevuka na kufifia.

Kalenda hiyo ni ya mtindo wa Achille Brocot, fundi saa wa Paris aliyefariki mwaka 1878. Ndani yake mna gurudumu linalozunguka mara moja tu katika miaka 4, ambalo ukingo wake umechongwa mapengo ya vina tofauti, na kwa kuyapima mapengo hayo mtambo hutambua mwezi wenye siku 30, wenye siku 31, na Februari iliyo ndefu. Nilikesha usiku wa kuamkia Machi mosi ili nishuhudie mwenyewe: ulisikika mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika, na akrabu ikaruka kutoka 28 hadi 1. Hata hivyo, gurudumu halijui kwamba mwaka 1900 haukuwa na tarehe 29 Februari, na atakayekuwa na saa hii mwaka 2100, ambao nao hautakuwa nayo, itambidi airekebishe kwa mkono.

Mama mkwe alipotutembelea mwezi wa Shaabani aliuliza kama dirisha lile litatuambia siku ya kuanza kufunga. Nilimjibu kwa adabu kwamba saa hufuata wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44, ilhali mwandamo unataka macho na anga isiyo na mawingu. Hakuridhika sana.

Lawama yangu ni kwa muuzaji. Aliisafirisha bila kuitoa pendulamu, utepe mwembamba wa chuma unaoibeba ukapindika njiani, naye akakataa kuwajibika. Fundi saa wa mtaani kwetu alinitoza euro 180 kuweka utepe mpya, kisha akanionyesha jambo ambalo lilipaswa kuelezwa dukani: saa isipokaa sawasawa, mlio wake huchechemea kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi, na baada ya muda husimama. Niliweka kipande cha kadi chini ya pembe moja, na tangu siku hiyo haijasimama tena.

Matunzo yenyewe si mazito. Kila Jumapili naitia ufunguo katika matundu mawili, moja la kamani ya mwendo na jingine la kamani ya kengele, ingawa kamani zenyewe zinaweza kudumu wiki mbili. Ikichelewa, naingiza ncha ndogo ya ufunguo katika tundu lililo juu ya namba 12 na kuizungusha kidogo kuelekea herufi A, yaani avance, neno la Kifaransa la kwenda mbele. Herufi R huipunguzia kasi. Kwa sasa hupoteza takriban dakika moja kwa wiki, na kwa umri wake sioni sababu ya kuidai zaidi.

Anayetaka kununua ya aina hii amtake muuzaji aisogeze kalenda mbele yake hadi ivuke Februari, kwa kuwa nyingi huuzwa zikiwa na akrabu nzuri zisizotembea. Ajiandae pia kwa kengele, inayogonga kila saa na mara moja kila nusu saa: saa sita na nusu hugonga mara moja, saa saba mara moja, saa saba na nusu mara moja tena, na aliyeshtuka usingizini wakati huo hana budi kuwasha taa.